Uso wa Aruna na Sindano za Salomon

Vita vya waasi vilipokaribia kwisha, shirika moja la kuokoa watoto lilimshusha Aruna kutoka kwenye lori la baba yake, kwenye bariere, kizuizi cha barabarani cha kutokea Beni, likamwokoa kwa nguvu.

Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alikuwa amekaa mbele, kati ya dereva na askari mmoja aliyeomba lifti, akilinda mzigo wa sabuni uliokuwa unaenda Butembo. Kimo chake kilikuwa cha mtoto wa miaka tisa, sauti yake nyembamba, kidevu chake hakina hata unywele mmoja. Wanawake wawili wenye jileti, vile vizibao vya shirika, walimtazama yeye, wakamtazama askari, wakatazamana wao kwa wao, wakaelewa kila kitu. Hakuna watu wa kuogopwa kama wale wanaoelewa kila kitu kabla ya kuuliza.

"Kadogo, shuka," mmoja alimwambia. Kadogo ndilo jina walilopewa siku zile watoto waliobebeshwa bunduki.

"Siko kadogo. Niko mutu mukubwa. Hii camion ni ya baba yangu."

"Pole, mwanangu. Tunajua balikufundisha kusema vile."

Wakampeleka kwenye kituo chao, wakampa uji, mpira na kalamu za rangi. Wakamwomba achore kitu kinachomuumiza moyoni. Aruna akachora mwanamke mwenye jileti na kichwa cha punda. Mshauri wa kituo aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba mtoto huyu amebeba hasira nyingi za vita.

Baba yake, Mzee Hassan, msafirishaji wa Beni aliyejulikana na kila bariere ya barabara ile, alikuja mwenyewe kumtafuta. Alisimama mlangoni kwa kanzu yake na kofia yake.

"Mama," alisema, "huyu ni mutoto wangu wa kwanza. Badogo yake babili biko na mabibi na batoto. Munirudishie mutu wangu, mizigo inaoza."

Walimrudisha, lakini hakuna aliyesema samahani. Walimwachia mpira. Na jina la Kadogo, ambalo hata kabla ya hapo watu walikuwa wanalionjaonja mdomoni, likamshika kama lami.

Aruna alizaliwa Mulekera, Beni, akitanguliza makalio, na mkunga alisema siku ile kwamba anayeingia duniani kinyume atakaa duniani kinyume. Mpaka miaka mitano sita alikua kama wengine. Kisha akasimama. Wadogo zake wakampita mmoja baada ya mwingine, na nguo zao zilizowabana zikawa zinapanda kwake badala ya zake kushuka kwao. Kila mtu alikuwa na maelezo. Jirani alisema ni bibi mzaa baba aliyekufa na kinyongo. Shehe alisema ni kazi ya Mungu, jambo ambalo halikumgharimu kitu. Muuguzi wa kituo cha afya alisema ni minyoo, akampa dawa ya minyoo mwaka baada ya mwaka. Minyoo ilikufa yote. Aruna hakuongezeka.

Kilichoongezeka ni ulimi. Alipohamia Butembo na kufungua duka la vipuri vya pikipiki karibu na soko, mamotari, wale madereva wa pikipiki za abiria, walijifunza haraka kwamba mtu huyu mfupi anauza nyaya za breki nzuri na majibu makali.

"Kadogo, ita baba yako," mteja mgeni alimwambia siku moja.

"Baba yangu iko mu makaburi ya Beni. Nenda umwite weye mwenyewe, utamukuta."

Alimwoa Furaha, mwanamke wa Mbau aliyekimbia mauaji ya huko akiwa na sufuria moja na dada mmoja. Siku ya harusi, binamu mmoja wa kike mwenye meno mengi kuliko akili alimuuliza bibi harusi mbele ya watu: "Furaha, unaolewa ao unalea?"

Furaha hakuinamisha macho kama bibi harusi anavyotakiwa. "Weye bwana yako iko murefu sawa poto ya nyaya za umeme," alisema, "na kila magaribi unaenda kumuokota mu mufereji. Nani analea?"

Basi hivyo ndivyo walivyoishi, wawili wenye midomo, katika mji ambao unapenda kucheka kwanza na kufikiri kesho kutwa. Na pengine wangeendelea hivyo bila kusumbuliwa, kama si Salomon.

Salomon alikuwa kijana wa duka la dawa, mtu wa kupanga makopo na kufuta vumbi. Asubuhi moja alinunua koti jeupe, akakodi vyumba viwili juu ya duka la vitenge, akaweka viti vya plastiki na picha ya moyo, akawa daktari. Butembo haikumuuliza alisomea wapi. Sisi tunaweza kumkagua mtu anayetuuzia shati, tukageuza mshono, tukavuta kifungo. Lakini mwenye koti jeupe tunampa mkono wetu wa kushoto na kugeuza uso sindano isituume.

Alikuja dukani kwa Aruna kutafuta kebo ya pikipiki yake, akasahau kebo, akabaki anamkodolea macho.

"Samahani, muzee. Uko na miaka ngapi?"

"Makumi ine na nane. Juu ya nini?"

"Makumi ine na nane!" Salomon alishika kichwa. "Muzee Aruna, unajua uko na nini? Kuna bakubwa Kinshasa, kuna bazungu, banatafuta hii ngozi, habapate."

Katika mji mzima hakuna aliyewahi kumwita Aruna muzee. Wapwa zake wenyewe walisita. Neno lile lilimwingia kama chai ya tangawizi wakati wa baridi, na mtu ambaye mamotari wakali hawakuweza kumchezea alilainika kwa neno moja. Salomon aliporudi kesho yake kuomba picha, "ya kutia moyo bagonjwa tu", Aruna alivaa shati lake la Idi, akapigwa picha.

Tuseme ukweli kuhusu uso ule. Kwa mbali ulikuwa wa mtoto: mashavu ya duara, pua fupi, paji pana. Kwa karibu ungeona ngozi nyembamba yenye mikunjo midogo midogo kando ya macho na mdomo, kama karatasi iliyokunjwa ikanyooshwa. Lakini simu ya Salomon ilikuwa na ufundi wake. Ilifuta mikunjo yote, na Aruna akatoka kwenye picha laini kama yai.

Wiki iliyofuata kitambaa kirefu kilitundikwa juu ya barabara, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Upande mmoja uso wa Aruna, mkubwa kuliko mlango wa duka lake. Upande wa pili, herufi nyekundu: MIAKA 48! SIRI YAKE: HOMONI YA UKUAJI. RUDISHA UJANA WA NGOZI, WA MOYO, WA MISHIPA. DOCTEUR SALOMON.

Furaha alisimama chini yake na kikapu kichwani, akasoma mpaka mwisho.

"Homoni gani anakupatiaka huyu?"

"Hakuna," Aruna alisema. "Ni mambo ya biashara."

"Donc, kumbe anauzisha uso yako, na weye unacheka."

Ni kweli alikuwa anacheka. Watu walianza kumsalimu kwa mikono miwili. Wanawake wenye magari waliteremka kugusa shavu lake. Hakuna aliyemwita Kadogo tena. Walimwita muzee, wakashusha sauti, wakamuuliza anakula nini asubuhi. Mtu aliyechekwa tangu utoto anaposifiwa, hata kwa uongo, hana haraka ya kusahihisha.

Mteja mkubwa wa Salomon alikuwa Kabongo, mkuu wa ofisi moja ya serikali, mtu wa Kasai aliyeletwa Butembo kwa kazi na kukasirishwa na kila kitu alichokikuta: matope, baridi, na wafanyabiashara wasiosimama anapopita. Alikuwa amefikia umri ambapo kioo kinaanza kusema ukweli, na Kabongo hakuzoea kuambiwa ukweli na mtu yeyote. Akaanza sindano. Haukupita muda mashavu yake yakajaa, yakang'aa, yakawa kama ya mtoto anayenyonya. Alilala kidogo, alikula sana, alizungumza kwa sauti. Ofisi nzima ikashangaa.

"Chef anarudia ujana!" walisema makarani, na wao wakapanda ngazi za Salomon, mmoja mmoja, kila mtu akidhani yeye ndiye mjanja pekee. Walimu wakaja. Mchungaji mmoja akaja, akaingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ujana wa milele alikuwa anauhubiri wa aina nyingine.

Wakati huo huo Aruna, baba wa ujana wote huu, alikuwa hawezi tena kupanda kilima cha kwenda kwake bila kusimama. Misuli ya nyuma ya miguu ilimkaza kwanza. Kisha kifua: uzito, kama mtu amekiwekea mfuko wa simenti juu yake. Tumbo lake lilikuwa limejaa mbele miaka mingi, ingawa mikono na miguu ilikuwa miembamba. Alificha. Ungefanya nini, wewe ambaye uso wako umetundikwa juu ya barabara kama dawa ya moyo?

Mambo yalijionyesha Beni. Alikwenda Mulekera kwenye harusi ya binti wa mdogo wake, na alipokuwa anasaidia kusogeza viti uani, kifua kikambana, jasho baridi likamtoka, akakaa chini katikati ya wapishi. Motari akambeba mbele yake kama mzigo, shemeji akashika nyuma, wakamkimbiza hospitalini.

Muuguzi wa mapokezi, msichana anayeitwa Jessica, alitazama kimo, hakutazama kingine. Aruna alipofumbua macho vizuri alikuta amelazwa kwenye wadi ya watoto, kitanda chenye reli, na juu ya ukuta tembo wa rangi ya bluu anacheka. Kitanda, kwa kusema kweli, kilimtosha.

"Mama yako iko wapi?" Jessica alimuuliza kwa sauti ile tamu ya kubembeleza.

"Alikufa zamani."

"Woo, pole. Sasa nani anakuchungaka?"

"Bibi yangu, yenye nilioa. Iko Butembo."

Jessica alipasuka kicheko, akamwita mwenzake. "Kuya usikie! Mutoto anasema iko na bibi!"

"Niko na bibi, niko na duka, na niko na miaka karibu makumi tano," Aruna alisema, akihema. "Na nikikufa pa hii kitanda, mutaniandika mutoto mbele ya Mungu, halafu malaika batanipatia mpira. Nimeshaona hii kazi. Ita daktari."

Daktari alikuja, mwanamke kijana aliyetumwa kutoka Kinshasa, jina lake Julienne. Aruna alijiandaa kwa kicheko kingine. Lakini huyu hakucheka, wala hakubembeleza. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama mikono midogo, mikunjo kando ya macho, tumbo. Akamsikiliza sauti. Akamuuliza alizaliwa vipi.

"Makalio mbele," Aruna alisema. "Inakuhusu nini?"

"Inanihusu, papa. Na ulikua mpaka miaka ngapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake mtu kumuuliza kimo chake kama anavyouliza homa: ilianza lini, ilikwenda vipi. Alimjibu yote. Walimtuliza moyo kwa dawa, wakampima damu, na siku iliyofuata Julienne akampaka mafuta ya baridi shingoni, akapitisha kile chombo cha ekografi, kile kile cha kutazama mimba, huku akitazama kioo.

"Ona hapa," alimwonyesha. "Hii ni mushipa yenye inapeleka damu mu kichwa. Ukuta yake inapashwa kuwa nyembamba na laini. Yako imenenepa. Hapa kuna kitu imeganda, sawa mafuta mu sufuria ya jana."

"Ni mushipa ya mutu wa miaka ngapi?"

"Kama singeona uso yako, ningesema mutu wa miaka makumi sita na kitu."

Nje, mgonjwa mmoja alikuwa anamshukuru mtu kwa Kinande, wasingya, wasingya, na mtoto wa kweli alikuwa analia kwenye kitanda cha pili.

Julienne alimweleza bila kumlainishia. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Inatuma ujumbe mwilini, na ujumbe mmoja ndio homoni ya ukuaji. Yake haikuutuma, au iliutuma kwa kunong'ona. Angethibitisha kwa vipimo ambavyo Beni haikuwa navyo, lakini kila alama ilielekeza huko. Watu hudhani kazi ya homoni ile ni kurefusha mifupa tu. Hata mtu akishakua, inaendelea kuangalia mafuta yakae wapi, na kusaidia kuta za mishipa zibaki laini. Ikikosekana, mafuta yanajaa tumboni na kwenye damu, na mishipa ya wengi inazeeka mapema. Tansioni ya Aruna, presha ya damu ambayo hakuna aliyewahi kuipima, ilikuwa imemalizia kazi.

"Ya wengi," alirudia. "Siwezi kukudanganya. Kuna batu sawa weye benye balizeeka na mishipa mizuri kabisa, na badoktere bakubwa hawajapatana juu ya nini. Yako ndiyo hii. Haionekane mu uso. Ya mutu yeyote haionekane mu uso."

"Sasa, hii homoni mukinipatia leo?"

"Kurefuka, hapana, mifupa ilishafunga. Kwa mishipa pengine ingesaidia kidogo, lakini hapa hatuna. Inaomba baridi na ufuatiliaji. Utameza dawa ya mafuta ya damu, dawa ya tansioni, aspirini. Utatembea kila siku, polepole. Na hii mafuta ya ngazi, ya mawese, upunguze."

"Docteur," Aruna alisema, "kuna mutu Butembo anauzishaka ile homoni mu chupa, mu chumba yenye haina hata frigo. Na anauzisha na uso yangu."

Julienne aliweka chombo chini. "Uso yako? Papa, weye ndiye mutu wa pekee mu Butembo yenye hana ile kitu."

Hapo Aruna alicheka mpaka Jessica akaja kuangalia kama kifua kimerudia.

Aliporudi Butembo hakupitia nyumbani. Alimwita Furaha kwa simu wakutane chini ya kitambaa, wakapanda pamoja ngazi za Salomon, yeye akisimama kila baada ya hatua chache, Furaha akimsubiri bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa ibada. Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa. Kabongo alikaa kwenye kiti cha mbele, chupa kubwa ya maji mkononi, uso wake umejaa kama mwezi, shingo imeingia mabegani.

"Muzee Aruna!" Salomon alifungua mikono. "Muone, ujana yenyewe imekuya!"

"Shusha picha yangu," Aruna alisema.

"Tuongee ndani, muzee."

"Nitaongelea hapa." Akawageukia waliokaa. Sauti yake nyembamba haikuwahi kumsaidia, na siku ile ilipasuka katikati. "Mimi hanikudungwaka hata siku moja. Ile homoni, mimi ndiye ninaikosa. Ndiyo sababu niko hivi. Na mishipa yangu imezeeka, balinionyesha Beni, niliona kwa macho yangu. Munakuya kununua kitu, na mutu yenye banawaonyesha ni yule yenye hana!"

Unaweza kufikiri walisimama wakaenda zao. Huwajui watu waliokwisha kudungwa.

"Anaona wivu," mwanamke mmoja alisema.

"Hapana, anataka kubaki na siri peke yake," alisema karani. "Bafupi biko vile."

Kabongo alikunywa maji, akafuta mdomo. "Mon cher, mutu mwenye akili anajiangalia mu kioo. Miye ninaona mashavu yangu. Weye unatuletea maneno ya kadaktari ka Beni? Kadogo, enda nyumbani."

Na chumba kizima kikacheka, kicheko kile kile cha zamani ambacho kwa miezi kadhaa kilikuwa kimejificha nyuma ya neno muzee. Salomon aliwafungulia mlango kwa adabu. "Nani atakuamini?" alimnong'oneza Aruna akipita. "Uko na sura ya mutoto."

Furaha ndiye aliyejibu. "Na weye uko na koti ya daktari," alisema. "Kila mutu na nguo yake ya uongo. Yake, Mungu ndiye alimuvalisha."

Siku za mbele Kabongo aliendelea kunywa maji kama ng'ombe na kukojoa kama ng'ombe, akilisifia jambo hilo kwamba figo zimekuwa za kijana. Kisha akaanguka katika mkutano wa ofisi, akiwa katikati ya kumtukana mtu. Mke wake Mariette alimkuta hospitalini, sukari imepanda, tansioni imepanda, akizungumza na watu wasiokuwepo. Daktari wa pale alitazama mashavu ya mwezi, nundu ya mafuta nyuma ya shingo, michirizi ya zambarau tumboni, hakuhitaji kuuliza mengi.

"Alikuwa anadungwa dexa wapi?"

Dexa! Dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, halali kabisa mikononi mwa anayeijua. Na ndiyo hiyo hiyo wasichana wa mjini humeza kwa siri ili wanenepe, na mama zao huwapiga makofi wakiwakuta nayo. Wakuu wa ofisi, walimu na mtumishi wa Mungu walikuwa wamepanga foleni kudungwa kitu wanachowakataza binti zao, wakiita uvimbe ujana. Na mbaya zaidi, Kabongo hangeweza hata kuiacha ghafla. Mwili wake ulikuwa umezoea kufanyiwa kazi, ukasahau kujifanyia. Ilibidi kumshusha taratibu, kidonge kwa kidonge, kama mlevi.

Salomon alifunga mlango siku hiyo hiyo. Wengine wanasema yuko Bunia, anaotesha wenye vipara nywele. Viti vya plastiki alivichukua. Na ukiuliza leo katika Butembo nani alikuwa anapanda ngazi zile, hutapata hata mmoja. Walikuwa wanakwenda kununua vitenge.

Kitambaa kilibaki juu ya barabara, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anakijua. Aruna aliazima ngazi kwa mafundi umeme, akapanda mwenyewe, mchana, soko likiwa limejaa, Furaha akishika ngazi chini na kuwaambia wapita njia watafute kazi. Alikata kamba upande wa kwanza, akashuka, akapumua, akapanda upande wa pili. Uso wake mkubwa ukaanguka kwenye matope, na lori la ndizi kutoka Kalunguta likapita juu yake kabla mtu hajauokota.

Kabongo alikuja dukani baada ya kutoka hospitalini. Mashavu yalikuwa yameanza kuteremka, yakamwacha na ngozi inayoning'inia, mzee kuliko alipoanza. Alisimama mbele ya meza ya Aruna, fimbo mkononi. Aruna alidhani amekuja kuomba radhi, akaanza kutafuta jibu la upole, kitu ambacho hakuwa na mazoezi nacho.

"Weye ulijua," Kabongo alisema. "Ulijua kila kitu. Sasa juu ya nini hukusema na nguvu zaidi?"

Aruna alimtazama mtu huyu kutoka viatu hadi kofia. Alikuwa na majibu kama kumi, mazuri yote, na alihisi kifua kinajaa. Akakumbuka kwamba mtu huyu anaweza kuanguka tena hapo hapo mbele ya mamotari.

"Kaa chini, chef," alisema, akamsukumia kigoda. "Siku ile ulikuwa unakunywa maji, masikio yako ilikuwa imejaa. Furaha, umuletee chai. Bila sukari."

Kabongo alikaa, akanywa, hakushukuru. Mwezi uliofuata wakubwa wake wakamhamishia mkoa mwingine, na huko bila shaka anawaeleza watu jinsi hali ya hewa ya Butembo ilivyomharibia afya.

Aruna huenda Beni kila baada ya miezi kadhaa. Mara ya mwisho Julienne alipitisha chombo chake shingoni, akatazama kioo, akasema ukuta haujanenepa zaidi, na kwamba hilo ndilo jambo zuri aliloweza kumwambia. Aruna alimuuliza atafika wapi kwa mishipa ile. Julienne alisema hajui. Aruna aliipenda sana ile sijui; alisema ni neno ambalo hajawahi kulisikia kwa mtu mwenye koti jeupe.

Nyumbani vita vimehamia jikoni. Furaha anapika sombe, majani ya muhogo, kwa maji na kitunguu, tone la mafuta ya ngazi likidondoshwa kama dawa ya macho, na Aruna anakaa mbele ya sahani akiitukana kwa lugha tatu.

"Hii ni chakula ya mbuzi."

"Mbuzi hakufa na mushipa," Furaha anasema. "Kula."

Naye anakula, kisha anavaa viatu, wanatoka kutembea kabla jua halijazama, polepole, mwanamke mrefu na mume wake, na mtu akicheka njiani wote wawili wanasimama kumjibu. Furaha husema ndiyo sababu matembezi yao yanachukua muda mrefu namna ile.